Darubini, mawingu au redio: programu ipi ya sayansi ya anga inaifaa shule yako, Nakuru hadi Kisumu

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waijue sayansi ya anga, awe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Busia, hakosi programu za kumsaidia. Nyingi hazitozi hata shilingi. Kinachokosekana ni muda, bando, kompyuta inayofanya kazi na usiku usio na mawingu. Kwa hiyo katika ulinganisho huu sikuzipanga programu kwa ukubwa wa jina. Nimezipima kwa maswali matatu: shule yenu ni ya kutwa au ya bweni? Mnaanza msimu gani wa mwaka? Na wageni wakishafunga virago, mwalimu anabaki na nini cha kufundishia wiki inayofuata?

Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi, na heri niseme mapema: programu inayomjenga mwalimu naiweka mbele ya ile inayowafurahisha wanafunzi siku moja. Zote mbili zina nafasi yake. Lakini mwenye nguvu ya kuanza na moja tu, aanze na ile itakayokuwa hai hata mhula wa tatu, mitihani ikiwa imebana na hakuna mgeni anayebisha hodi.

Darubini inayokuja shuleni

Hapa Kenya, The Travelling Telescope ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianzishwa mwaka 2014 na Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen, na makao yake ni Nairobi. Husafiri na darubini kubwa pamoja na kuba la kupuliza hewa. Wanafunzi huingia humo wakaonyeshwa anga lote la usiku hata kama nje jua linawaka.

Thamani ya ziara kama hii ni kubwa na sitaipunguza. Hakuna picha ya kitabu inayompa mtoto kile anachokipata akiweka jicho kwenye darubini na kuziona pete za Zohali kwa mara ya kwanza. Wengine hudhani kuna picha imebandikwa ndani ya bomba, wakazunguka mbele kuchungulia. Mshtarii na miezi yake minne mikubwa huleta maswali yatakayomshughulisha mwalimu mwezi mzima, na mwalimu aliyejiandaa huyaandika ubaoni yote.

Sasa piga hesabu. Shule ina wanafunzi 800 na kila mmoja amepewa sekunde 30 kwenye darubini: hiyo ni saa sita na dakika 40, bila kuhesabu muda wa kubadilishana wala wa kuielekeza upya darubini kila sayari inaposogea. Chagueni gredi moja. Wanafunzi 60 kwa dakika moja moja ni saa moja, na kila mtoto ataona kitu badala ya kusukumwa kwenye foleni.

Kisha kuna mvua. Upande wa ziwa, joto la mchana huinua unyevu, mawingu makubwa hujengeka alasiri na mara nyingi ngurumo huingia jioni. Kisii na Kericho mvua haina likizo ndefu. Najua shule moja iliyochangisha wazazi kwa ajili ya usiku wa nyota mwishoni mwa Machi. Watoto walikaa kwenye ukumbi wakisikiliza mabati yakipigwa na mvua. Kama lengo ni kutazama nyota, lenga Januari na Februari, na mkubaliane kwa maandishi, kabla pesa hazijatoka, kitafanyika nini anga likifunga. Nakuru ina nafuu kidogo: iko juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, hewa ni kavu kuliko ya Kisumu, na ukitoka nje ya taa za jiji kuelekea Subukia au Gilgil giza linapatikana.

Shule ya bweni ndiyo inayofaidi zaidi, kwa kuwa wanafunzi wako pale usiku. Ile ya kutwa ina tabu: kuna ruhusa za wazazi, usalama wa njiani na nani atawasindikiza watoto nyumbani saa tatu usiku. Kwa shule ya kutwa ningeomba kuba peke yake, au darubini yenye kichujio halisi cha kutazamia jua. Na tusisahau kwamba mwezi huonekana mchana pia. Ule wa robo ya mwisho uko upande wa magharibi wakati wa gwaride la asubuhi, na ule wa robo ya kwanza unapanda mashariki wanafunzi wanapojiandaa kwenda nyumbani. Hauhitaji darubini wala nauli ya mtu.

GLOBE: shule inayosaidiana na setilaiti

GLOBE, programu ya kimataifa ambayo shule hupima mazingira yao, ilitangazwa mwaka 1994 na kuanza kazi 1995, ikiungwa mkono na NASA na taasisi nyingine za Marekani. Kenya ni mojawapo ya nchi wanachama. Mwalimu hupitia mafunzo, ya ana kwa ana au ya mtandaoni, kisha wanafunzi wake huanza kupima mazingira ya shule yao kwa njia ileile inayotumiwa na shule za nchi nyingine: mawingu, mvua, joto la udongo, urefu wa miti, aina ya mimea. Takwimu huingia kwenye hifadhi ya pamoja ambako wanasayansi na shule nyingine huzitumia.

Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa shule ya kutwa ya magharibi mwa Kenya, kwa sababu kile kinachoharibu usiku wa darubini ndicho chakula chake. Mawingu tunayo.

Kazi yenyewe ni hivi. Wanafunzi hutoka uwanjani, hugawanya anga mapande manne, kila kundi hutazama pande lake na kukadiria limefunikwa kiasi gani, kisha makadirio huunganishwa. Viwango vimewekwa: chini ya asilimia 10, kati ya 10 na 25, kati ya 25 na 50, kati ya 50 na 90, na zaidi ya 90. Inaonekana rahisi mpaka kundi moja liseme asilimia 40 na jirani yake aape ni 60. Hapo ndipo somo lilipo. Mwalimu asiwahi kutoa jibu. Awaache wajieleze: mawingu yaliyo karibu na upeo huonekana yamesongamana kwa kuwa tunayatazama kwa ubavu, na mtoto akishaligundua hilo mwenyewe hatalisahau.

Baadaye huja kinachowafanya waone kwamba kazi yao ina uzito. Ukituma uchunguzi wako kwa programu ya simu ya GLOBE Observer ndani ya dakika chache za setilaiti kupita juu yenu, hutumiwa barua pepe inayolinganisha mlichoona kutoka chini na kile setilaiti ilichoona kutoka juu. Vipimo vya setilaiti kama NOAA-20, inayopita huku mapema alasiri, hutumika kwa kulinganisha huko. Setilaiti huona mgongo wa wingu, nanyi mnaona tumbo lake. Wingu la juu linaweza kufichwa kwenu na lile zito la chini, na la chini likafichwa kwa setilaiti na la juu. Kila upande unahitaji macho ya mwenzake.

Kuna sehemu nyingine inayotugusa zaidi sisi wa ukanda wa ziwa, nayo ni ya mbu. Wanafunzi hutafuta maji yaliyotuama, huangalia kama kuna viluwiluwi, huvihesabu na kujaribu kuvitambua. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Cha kuleksi na cha aedesi huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija wa mkiani. Tofauti hiyo huonekana kwa macho katika bakuli jeupe, ingawa kwa utambuzi wa uhakika simu huhitaji lenzi ndogo ya kukuza. Kisha yale maji humwagwa na hilo pia huandikwa. Takwimu kama hizo, zikiunganishwa na vipimo vya setilaiti vya mvua, joto na mimea, huwasaidia watafiti kutabiri mahali mbu watakapoongezeka. Mtoto wa Nyando au Ahero haambiwi umuhimu wa hilo mara mbili. Sharti moja tu: kazi ifanyike kwenye makopo, matairi na madimbwi ya shuleni, si ukingoni mwa ziwa wala kwenye mifereji ya mpunga, kwa sababu ya kichocho.

Udhaifu upo. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo kila kitu hupitia simu ya mwalimu na bando lake. Afadhali programu ya simu hukubali kuhifadhi uchunguzi bila mtandao na kuutuma baadaye. Mafunzo ya mtandaoni ni ya Kiingereza na yanachosha yakifanywa usiku mmoja, yagawanye. Na kuna mwanafunzi atakayesema hii si sayansi ya anga, yeye alitaka roketi. Mwonyeshe ile barua pepe ya setilaiti.

IASC: kuwinda asteroidi kwenye kompyuta

IASC, programu ya kimataifa ya kutafuta asteroidi, yaani miamba inayozunguka jua, ilianzishwa mwaka 2006 na Patrick Miller wa Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas. Ni ya bure. Shule huunda timu, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi hupokea picha halisi za anga, nyingi zikitoka kwenye darubini za Pan-STARRS kule Hawaii. Picha huja nne nne, zote za kipande kilekile cha anga, zimepigwa kwa kupishana dakika kadhaa. Wanafunzi huzipitisha kwa zamu kwenye programu iitwayo Astrometrica. Nyota hutulia mahali pake. Kinukta kinachosogea kwa mstari ulionyooka na kwa mwendo sawa huenda kikawa asteroidi.

Kinachonivutia ni kwamba uvumbuzi ni wa kweli. Timu yoyote, hata ya kijijini Vihiga, inaweza kuandika ripoti ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona kabla. Kinachofuata ni subira: ripoti hupitia ukaguzi, kitu hicho lazima kionekane tena usiku mwingine, na hadi kifikie kupewa namba ya kudumu, ambapo wavumbuzi wanaweza kupendekeza jina, miaka kadhaa hupita. Wanafunzi wenu watakuwa wamemaliza sekondari. Waambieni hivyo tangu mwanzo, wasije wakavunjika moyo.

Tofauti yake na GLOBE ni kubwa. GLOBE inahitaji uwanja na simu moja na inabeba darasa zima. IASC inahitaji kompyuta ya Windows, umeme usiokatika katikati ya kazi na intaneti ya kupakua mafaili, na inawafaa wanafunzi watano hadi kumi wenye uvumilivu. Sekondari yenye maabara ya kompyuta, kama zilivyo kadhaa za Nakuru mjini na Kisumu, haina sababu ya kuikosa. Katika shule yenye kompyuta moja ofisini kwa mkuu wa shule, mwalimu ataishia kufanya kazi peke yake huku wanafunzi wakichungulia begani mwake. Hiyo haifai.

Wakati wa mchana au wa mvua, haidhuru. Hilo ni jema lake jingine.

ARISS: dakika kumi na mwanaanga

ARISS huunganisha shule kwa redio na mwanaanga aliye kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kituo hicho huzunguka dunia kikiwa takriban kilomita 400 juu yetu, kwa mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kikichomoza upande mmoja, hutoweka upande wa pili baada ya dakika kama 10, na hizo ndizo dakika zenu. Wanafunzi hujipanga foleni, kila mmoja na swali lake fupi mkononi, na mwanaanga hujibu moja baada ya jingine mpaka sauti ianze kumezwa na mikwaruzo.

Wenye programu hawatoi nafasi kwa anayetaka sherehe tu. Shule hutuma maombi katika vipindi vilivyotangazwa, ikiambatanisha mpango wa masomo unaoonyesha wanafunzi watajifunza nini kabla na baada ya mazungumzo, na kungoja kwa mwaka mzima si ajabu. Upande wa mitambo, kurusha mawimbi kunahitaji mtu mwenye leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, pamoja na antena inayoweza kukifuata kituo angani. Ambaye hana vyote hivyo anaweza kuunganishwa kwa simu kupitia kituo cha redio cha ardhini kilicho nchi nyingine. Wanafunzi wanasikia na kuuliza kama kawaida.

Ukilinganisha na ziara ya darubini, ARISS ni kazi nyingi kwa tukio fupi. Ukiuliza linaacha nini nyuma, jibu linategemea mwalimu kabisa. Shule iliyofundisha obiti, mawimbi na maisha ya angani kwa mihula miwili huwa imepata kila kitu hata kabla redio haijawashwa. Iliyongoja siku yenyewe hupata picha za kupamba ofisi. Na kwa kuwa kituo kimepangwa kustaafishwa karibu na mwaka 2030, shule inayoitamani nafasi hii isiahirishe.

Kuna njia nyepesi ambayo naipenda zaidi kwa klabu changa: kusikiliza tu. Sauti kutoka kituoni hushuka kwenye masafa ya 145.800 MHz, na redio ndogo ya mkononi inayopokea masafa hayo inatosha kuinasa kituo kikiwa juu ya upeo. Mara kwa mara kituo hurusha picha zilizogeuzwa kuwa sauti, na programu ya simu huigeuza sauti hiyo kuwa picha tena, mstari baada ya mstari, mbele ya macho ya watoto. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anaweza pia kukitazama akiwa kwao, kikipita kama nyota ing'aayo isiyometameta, muda mfupi baada ya jua kutua au kabla halijachomoza. NASA hutoa ratiba ya saa za kukiona kwa kila mji.

Mafunzo ya walimu na vifaa vya darasani

NASE ni mtandao wa walimu na wanaastronomia chini ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia. Huendesha kozi za siku chache ambamo walimu hutengeneza kwa mikono yao vifaa vya kufundishia astronomia kutokana na kadibodi, taa, mipira na kamba. Umoja huohuo una ofisi ya elimu kule Heidelberg, Ujerumani, na ofisi ya astronomia kwa maendeleo kule Cape Town, iliyofunguliwa 2011, ambayo hufadhili miradi midogo. Masomo yaliyoandaliwa na kukaguliwa na wataalamu hupatikana bure kwenye jukwaa la astroEDU. Kwa watoto wadogo wa chekechea hadi gredi ya nne au ya tano, kuna Universe Awareness na kisanduku chake cha mifano ya sayari na awamu za mwezi.

Hizi hazina mvuto wa darubini. Lakini ukiniuliza pesa ya nauli ya mwalimu mmoja iende wapi, iende kwenye kozi kama ya NASE, kwa sababu mwalimu huyo atarudi na atafundisha kila mwaka.

Tahadhari moja tu, na hapa ndipo mwalimu wa kwetu lazima awe macho. Vifaa vingi vya aina hii vimebuniwa na watu wa kaskazini ya mbali. Vinazungumzia majira ya baridi na ya theluji, nyota ya kaskazini iliyo juu angani, na mwezi mwandamo uliosimama wima. Sisi tuko kwenye ikweta. Bango lake liko Maseno, njia ya kwenda Busia. Nyota ya kaskazini kwetu imelala upeoni, haionekani kwa ukungu na miti. Mwezi mchanga hulala chali kama mtumbwi, na mtoto wa Dunga akiuchora hivyo hajakosea, hata kama kitabu kinaonyesha vingine. Saa ya jua nayo hubadilika: fimbo yake, ambayo lazima iwe sambamba na mhimili wa dunia, kwetu hulazwa mlalo ikielekea kaskazini.

Badala ya kulalamika, tuitumie ikweta. Kisumu iko kama kilomita 10 tu kusini mwake. Tarehe 20 au 21 Machi, na tena 22 au 23 Septemba, simamisha fimbo ya mita moja uwanjani na wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa sita. Watatarajia kivuli kipotee saa sita kamili. Hakipotei. Kinaendelea kufupika, na kwa Kisumu kinakaribia kutoweka saa sita na dakika 48 hivi mwezi Machi, au saa sita na dakika 34 hivi mwezi Septemba. Nakuru hutangulia kwa dakika kama tano. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na jua huchelewa kufika kwetu. Mtoto akiliona hilo kwa kivuli, mzunguko wa dunia unakoma kuwa sentensi ya kukariri.

Hatua ya pili ni kutafuta shule rafiki Lodwar, ambako siku hiyohiyo fimbo ya mita moja huacha kivuli cha sentimita 5 na nusu hivi. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 3.2 kwa umbali wa kilomita 356 hivi kutoka kusini kwenda kaskazini. Zidisha hadi nyuzi 360 na unapata mzingo wa dunia wa karibu kilomita 40,000, kwa fimbo mbili na simu moja ya kupigiana. Ni lazima mpime kwa uangalifu: ukikosea sentimita moja kwenye kivuli cha Lodwar, dunia inakosewa kwa karibu asilimia 20. Waache wakosee kwanza, kisha watafute wenyewe kosa limetoka wapi.

Na kuna elimu ya nyota tuliyorithi. Wazee wa Kiswahili husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kundi hilo la nyota hupotea kwenye mwanga wa jua mnamo Mei na kurudi alfajiri mwezi unaofuata. Methali hiyo imekomaa pwani. Je, inashika Kisumu? Inashika Nakuru? Shule yenye kipimamvua cha GLOBE inaweza kujibu kwa takwimu zake yenyewe baada ya miaka michache. Huo ni mradi wa kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa, na sijaona kifaa cha kutoka nje kinachoweza kuushinda.

Shirika la Anga la Kenya na vyuo vikuu

Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa 2017, linafaa zaidi kwa kuwaonyesha wanafunzi kwamba kazi hizi zipo nchini. Setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California. Kabla yake, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa mwezi Mei 2018. Na kabla ya zote, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Mwalimu anayeandika barua kwa Shirika afanye hivyo mapema kabla ya Wiki ya Anga Duniani, Oktoba 4 hadi 10, kwa kuwa wakati huo ndipo kila mtu anapomtafuta mgeni.

Karibu zaidi na nyumbani kuna idara za fizikia za Maseno, Masinde Muliro na Egerton. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekuja Jumamosi mbili kila mhula ana faida kuliko mgeni mkubwa wa mara moja.

Ningechaguaje

Shule ya msingi au sekondari msingi ya kutwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia: GLOBE kuanzia mvua za Machi, fimbo na kivuli kwenye Machi 20, kuba la anga mkipata pesa. Darubini ya usiku iache ya mwisho.

Sekondari ya bweni, Nakuru au Kakamega: mwalimu mmoja aende mafunzoni, klabu iingie IASC kama kompyuta zipo, na ziara ya darubini ipangwe Januari au Februari, wanafunzi wakiwa tayari wanajua kuzitofautisha sayari na nyota kwa macho. Maombi ya ARISS yaandikwe klabu ikishatimiza mwaka, si kabla.

Shule mbili au tatu jirani zikiungana, gharama ya wageni hugawanyika, na walimu hupata mtu wa kumuuliza pale Astrometrica inapogoma.

Kuna tarehe moja ambayo shule zote ziiandike ukutani sasa: Agosti 2, 2027. Jua litapatwa kikamilifu huko Misri, na huku kwetu sehemu yake itafunikwa mchana. Miwani ya kutazamia iwe na alama ya ISO 12312-2 na iagizwe miezi kadhaa kabla, maana wiki ya mwisho huwa imeisha au ni bandia. Isipopatikana, kadibodi yenye tundu la sindano hutupa taswira ya jua lililomegwa kwenye karatasi nyeupe chini, na darasa zima linaweza kuitazama kwa pamoja likiwa limelipa jua mgongo.